Nikishawapata Majeruhi Wenu

(Maneno haya yalizungumzwa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Wengi mliomba tuyachape ili muwasomee wenzenu nyumbani. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.)

 

Leo hatukuja na habari za mbegu wala za kuku wa kienyeji. Mwenyekiti alituomba tuzungumze juu ya kuwafikisha wagonjwa hospitalini, kwa maana mvua zikianza, barabara zetu mnazijua wenyewe. Tulipokuwa tukijitayarisha tuliona kwamba tukianza moja kwa moja na mambo ya kamati na michango, nusu yenu mtalala. Kwa hivyo tutaanza na hadithi. Ni hadithi ya kweli, ya marubani wa helikopta za jeshi, na sehemu kubwa ilitokea mbali sana, katika nchi ya Vietnam.

Mtauliza, sisi na helikopta ni wapi na wapi? Sisi ambao hata mkokoteni ni kazi kuupata! Ngojeni kidogo. Mkokoteni tutaufikia.

Jambo moja tulitoe njiani kwanza. Hatusifu vita. Vita vya Vietnam viliua watu zaidi ya milioni moja, askari na raia, wazee na watoto, na wengine walibaki vilema. Tunaowasifu hapa ni watu ambao, katikati ya wenzao waliokuwa wakiuana, kazi yao ilikuwa kuwatoa watu mautini.

Mmoja baada ya mmoja

Katika vijiji vyetu vingi kulikuwa na wazee waliokwenda Keya, yaani jeshi la King's African Rifles. Wengine walipelekwa Burma. Mwaka wa 1944 askari wa Afrika Mashariki waliteremka bonde la Kabaw wakiwafukuza Wajapani, katika mvua na matope mengi, na malaria ikiwaangusha kama risasi. Huko kumbeba majeruhi kulikuwa kwa machela, mabegani mwa watu, siku nzima au zaidi.

Ni katika vita hivyo hivyo vya Burma, mwezi wa Aprili 1944, helikopta ilipotumiwa kwa mara ya kwanza kuwaokoa majeruhi vitani. Ndege ndogo iliyokuwa imebeba askari watatu Waingereza walioumia ilianguka nyuma ya mistari ya Wajapani. Rubani wake alikuwa hai, na wale watatu walikuwa hai, lakini mahali pale hapakuwa na uwanja wa ndege nyingine kutua. Ndipo alipotumwa kijana Mmarekani, Luteni Carter Harman, na helikopta aina ya Sikorsky.

Sasa, msifikirie helikopta hizi za siku hizi. Ile injini yake ilikuwa dhaifu. Iliweza kumwinua rubani na mtu mmoja tu, basi. Tena mahali penye joto jingi hewa huwa nyepesi, na helikopta hupata taabu kupanda, kama baiskeli yenye mzigo kwenye mchanga. Harman alimchukua wa kwanza, akampeleka mahali pa wazi ambapo ndege ndogo iliweza kutua, akarudi. Akamchukua wa pili. Injini ikapata moto kupita kiasi, akalazimika kulala huko. Kesho yake akarudi kumchukua wa tatu, kisha wa nne. Safari nne, watu wanne, siku mbili.

Kumbukeni hiyo. Hakusema, "Chombo changu ni kidogo, tungojee kikubwa." Alianza na alichokuwa nacho, mmoja baada ya mmoja.

Msalaba usiobanduliwa

Tuje sasa Vietnam. Mwezi wa Aprili 1962 jeshi la Marekani lilipeleka huko kikosi kidogo cha helikopta za matibabu, helikopta tano tu. Helikopta zenyewe ziliitwa Huey. Zilichorwa msalaba mwekundu, na hazikufungwa bunduki za rashasha kama zile za kupigana. Jina lao kwenye redio lilikuwa Dustoff. Kwa Kiswahili labda tungesema "timua vumbi", maana helikopta ikikaribia ardhi, mapanga yake hupeperusha vumbi na majani kila upande.

Mwezi wa Januari 1964 kikosi hicho kilipata kiongozi mpya, Meja Charles Kelly. Vita vilikuwa bado havijawa vikubwa, na wakubwa wengine wa jeshi walianza kuziangalia zile helikopta tano kwa jicho jingine. Walisema, mbona zinakaa zikingojea majeruhi? Zipewe kazi nyingine. Zibebe mizigo, zibebe wakubwa, na akipatikana majeruhi ndipo zikamchukue. Tena walipendekeza msalaba mwekundu uwe wa kubandika na kubandua. Leo ambulansi, kesho lori.

Kelly alikataa. Alijua kwamba chombo cha wagonjwa kikishazoea kazi nyingine, siku mgonjwa atakapopatikana kitakuwa safarini. Lakini hakukaa ofisini kubishana kwa barua. Alihamia na sehemu ya kikosi chake Soc Trang, katika mabonde ya mto Mekong upande wa kusini, na akaanza kuzunguka kila usiku. Aliruka karibu kilomita 720 gizani, kutoka kituo hadi kituo, akiita kwenye redio na kuuliza kama kuna mgonjwa wa kuchukua. Mara nyingi alikuwepo. Mtu ambaye angengojea mpaka asubuhi, na pengine asiione hiyo asubuhi, alichukuliwa usiku ule ule. Hesabu ya waliookolewa ikapanda, na yale maneno ya kubandua msalaba yakakosa nguvu.

Tarehe 1 Julai 1964 Kelly aliitwa kuchukua majeruhi karibu na Vinh Long. Alipoteremka, risasi zikaanza kumiminika. Askari waliokuwa chini wakamwambia kwa redio aondoke haraka. Akajibu, "Nikishawapata majeruhi wenu." Muda mfupi baadaye risasi moja ilipita kwenye mlango uliokuwa wazi ikampata moyoni. Helikopta ikapinduka. Wenzake waliokuwa ndani walinusurika, yeye akafa.

Wengi walidhani baada ya hapo marubani wataogopa. Mmoja wa vijana aliowafundisha, Patrick Brady, aliulizwa kama sasa wataacha ile tabia ya Kelly. Akasema wataendelea kuruka vile vile alivyowafundisha. Na aliyatimiza. Tarehe 6 Januari 1968 ukungu mzito ulifunika bonde walimokuwa majeruhi, na hakuna rubani aliyeweza kuona pa kushukia. Brady alifuata njia ya miguu polepole sana, karibu na ardhi, akaigeuza helikopta ubavu ili upepo wa mapanga yake uupeperushe ukungu mbele yake. Siku hiyo helikopta alizotumia ziliharibiwa kwa risasi na mlipuko, akahitaji tatu kuimaliza kazi. Alitoa majeruhi 51.

Mzee mwenye ugonjwa wa macho

Lakini mtu tuliyemjia hasa leo ni mwingine. Jina lake Michael Novosel.

Huyu alizaliwa mwaka wa 1922 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, mtoto wa wahamiaji kutoka Kroatia. Katika Vita vya Pili vya Dunia aliendesha ndege kubwa za kuangusha mabomu. Vita vikaisha, akaingia kazi ya ndege za abiria, na katika akiba ya jeshi la anga akapanda hadi cheo cha Luteni Kanali. Mtu wa heshima yake kabisa, angeweza kukaa na kungoja pensheni.

Mwaka wa 1964 alitaka kurudi kutumika. Jeshi la anga likamwambia halina nafasi ya mkubwa wa umri wake. Basi Novosel akakivua kile cheo cha Luteni Kanali, akaenda jeshi la nchi kavu, akakubali cheo cha chini ili awe rubani wa helikopta tu. Alikuwa na miaka 40 na zaidi, na wakubwa wake wengine walikuwa vijana ambao angeweza kuwazaa.

Wazee, hebu tuambiane ukweli. Ni wangapi hapa walioacha kikundi kwa sababu hawakuchaguliwa tena kuwa mwenyekiti? (Kicheko.) Hatutaki kuona mikono. Tunasema tu.

Alipomaliza zamu yake ya kwanza Vietnam alikusudia kurudi kwenye ndege za abiria. Madaktari wakamkuta na ugonjwa wa macho uitwao glakoma, ule ambao mgandamizo ndani ya jicho huharibu mshipa wa kuonea, na usipotibiwa mtu hupofuka. Ndege za abiria hangeweza tena. Jeshi likamruhusu aendelee, naye akarudi Vietnam na dawa yake ya matone.

Tarehe 2 Oktoba 1969 alikuwa na miaka 47. Alikuwa ameruka tangu asubuhi akibeba majeruhi, ndipo ukaja wito kutoka jimbo la Kien Tuong, karibu na mpaka wa Kambodia. Kikosi cha askari wa Vietnam ya Kusini kiliingia penye ngome za adui bila kujua ukubwa wake. Walipigwa wakatawanyika. Risasi ziliwaishia, redio zikanyamaza, na wengi wamejeruhiwa, wamelala kwenye majani marefu. Hakuna aliyejua yuko wapi na yuko wapi.

Mwone hali yake. Wale hawakuwa Wamarekani wenzake. Lugha yao haijui. Helikopta ya kupigana ya kumlinda haikuwepo. Pamoja naye walikuwa watu watatu: rubani msaidizi, fundi wa helikopta, na tabibu. Wote wakaenda.

Tueleze kidogo kazi yenyewe, ndipo mtaelewa. Ndege ya kawaida hupita mbio. Helikopta ikitaka kumchukua mtu ni lazima isimame hewani au iguse chini. Rubani hushika usukani mkono huu, mkono mwingine unaongoza kupanda na kushuka, na miguu yote miwili inazuia isijizungushe. Hana hata kidole cha ziada. Upepo wake mwenyewe unayalaza majani. Na wakati huo wote imesimama pale, kubwa kama nyumba, mlango wazi. Mwenye bunduki hata kulenga sana hana haja.

Novosel alishuka chini chini akaanza kuzunguka juu ya yale majani. Kwa nini? Kwa sababu wale waliojificha hawakuwa na redio. Alitaka waione helikopta na waelewe kwamba imewajia. Na walielewa. Mmoja akainuka, mwingine akainuka, wakaanza kujikusanya wawili watatu. Alipomwona mtu aliinamisha helikopta kwake, fundi na tabibu wakamvuta ndani, wakaondoka.

Mara sita moto wa bunduki ulizidi mpaka ikambidi aondoke kabisa mahali pale. Sikieni vizuri: mara sita alikimbia. Kila alipokimbia alizunguka, akarudi kwa upande mwingine. Ikijaa aliwapeleka majeruhi, akarudi tena. Kazi hiyo ilichukua kama saa mbili na nusu, na aliteremka kuwachukua watu mara 15.

Mwishoni kabisa wakamwona askari mmoja aliyelala karibu sana na handaki la adui. Wote walijua pale ni pabaya. Novosel aliirudisha helikopta kinyumenyume, polepole, kumwelekea yule mtu. Alipokuwa akivutwa ndani, adui akafyatua bunduki kutoka karibu. Risasi zikaivunja helikopta sehemu za mbele na Novosel akajeruhiwa mkono na mguu. Kwa nukta chache helikopta ikamponyoka. Kisha akaishika tena, akaipandisha katikati ya risasi, na yule mtu wa mwisho akiwa ndani.

Siku hiyo walitolewa watu 29. Wageni, wa lugha nyingine. Watu 29 ni kama kikundi kimoja kizima cha hapa kwetu, wote waliomo ndani ya ukumbi huu upande huu wa kushoto. Geuka umtazame jirani yako.

Baba na mwana

Novosel alikuwa na mtoto wa kiume, naye jina lake Michael. Kijana akajifunza urubani wa helikopta, na mwaka wa 1970 akapelekwa Vietnam katika kikosi kile kile cha baba yake. Siku moja helikopta ya kijana iliangushwa kwa risasi, na aliyekwenda kumchukua alikuwa baba yake. Haikupita hata wiki, ya baba ikaangushwa, na aliyekwenda kumchukua ni mwana. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na wakati mwingine rafiki huyo ni mtoto uliyemfundisha kazi mwenyewe.

Katika zamu zake mbili Novosel aliruka safari 2,543 za kuchukua wagonjwa, akabeba watu 5,589. Mwaka wa 1971 Rais Nixon alimvisha Medali ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya jeshi la Marekani. Alistaafu mwaka wa 1985, na akafariki mwaka wa 2006, mzee wa miaka 83.

Na wote kwa pamoja, tangu 1962 hadi 1973, helikopta hizo za wagonjwa zilibeba kati ya watu 850,000 na 900,000, askari na raia wa Vietnam. Lakini gharama haikuwa ndogo. Katika kila marubani watatu wa kazi hiyo, mmoja na zaidi kidogo aliuawa au kuumia. Hatutaki kuwadanganya kwamba ushujaa haulipiwi.

Na sisi je?

Sasa tumefika kwa mkokoteni.

Baadhi yenu mnajua kwamba kabla ya kuanza kazi hii ya kuzunguka vijijini, sisi wenyewe tulikuwa wanachama wa kikundi kama vyenu. Kikundi chetu kilichanga pesa mwaka mzima tukanunua mkokoteni na punda wa kubeba wagonjwa. Tuliushonea hata godoro. Siku ya kuuzindua tuliimba mpaka jioni.

Mwezi wa kwanza hakuna aliyeugua sana. Mweka hazina akasema, na ni kweli alisema vizuri, "Chombo kinakaa bure na punda anakula. Tubebe maji kidogo tupate pesa." Tukabeba maji. Baada ya maji tukabeba mchanga. Godoro tukalitoa, likawekwa nyumbani kwa mtu. Hesabu zikawa nzuri, na tulipongezana kwenye mkutano.

Usiku mmoja wa mvua mama mmoja, jirani yetu, alishikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amelala vibaya. Mkunga akasema hapa si pa kungoja. Tulikimbilia mkokoteni. Ulikuwa kwenye machimbo ya mchanga, gurudumu moja limetolewa likangojea fundi. Pesa za dharura nazo zilikuwa zimekopeshwa, hivyo hata gari la kukodi hatukuweza kulilipia mpaka tuamshe watu nyumba hadi nyumba. Tulifika hospitalini kumekucha. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyekuwa mtu mbaya. Tuliubandua tu msalaba mwekundu kidogo kidogo, na kila mara kwa sababu nzuri. Ndiyo maana tulipoisoma habari ya Meja Kelly na wale wakubwa waliotaka msalaba wa kubandua, tulinyamaza kimya muda mrefu. Tulikuwa ni sisi.

Kwa hivyo tunawaachia mambo manne, na yote yametoka kwa hawa marubani.

Kwanza, cha mgonjwa kibaki cha mgonjwa. Iwe ni mkokoteni, machela, au elfu chache kwenye simu ya mweka hazina, kiandikwe katika katiba ya kikundi kwamba hakikopeshwi wala hakikodishwi. Kikionekana kimekaa bure, basi. Ndoo ya mchanga iliyo karibu na jiko nayo imekaa bure, na hakuna anayeilalamikia.

Pili, mgonjwa naye ana kazi, na watu wake. Wale askari kwenye majani waliokoka kwa sababu walijikusanya walipoiona ishara. Kijiji kikubaliane: mgonjwa wa usiku analetwa wapi? Kwenye duka, kwenye shule, kwenye mti gani? Nani ana tochi? Nambari ya bodaboda anayekubali kazi ya usiku iko kwa nani, na ya mwenye gari? Hata madaktari wa ndege wa AMREF, ambao wamekuwa wakiruka kutoka Nairobi tangu mwaka wa 1957, hawawezi kumsaidia mtu ambaye hakuna anayejua alipo.

Tatu, kidole kimoja hakivunji chawa. Medali alivishwa Novosel, lakini mikono iliyowavuta watu ndani haikuwa yake. Yake ilikuwa imeshika usukani. Anayebeba machela, anayebaki na watoto wa mgonjwa, anayekamua ng'ombe wake, wote wamo katika safari ile moja.

Nne, na hili tunaomba vijana walisikie. Kila msimu wa mvua tunasikia habari za watu waliosombwa na maji kwa sababu dereva alisema, "Tutapita tu." Huo tusiuite ushujaa. Tumewaambia kwamba Novosel alikimbia mara sita. Aliyekuwa na ujuzi wa miaka zaidi ya 20 alipoona moto umezidi, aliondoka. Tofauti yake na mwoga ni kwamba alirudi, na alirudi kwa njia nyingine. Mto ukijaa, usiuvuke na mgonjwa. Rudi, piga simu ng'ambo, zunguka kwenye daraja la juu, mwite mhudumu wa afya aje upande huu. Usivuke, lakini pia usiende kulala ukisema, "Nilijaribu."

Mama yule jirani yetu bado yuko, na tunasalimiana kila siku ya soko. Baadaye alijifungua mwingine salama, msichana. Hajatulaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalotuuma zaidi. Mkokoteni tuliutengeneza. Godoro lilirudi. Tukauchora msalaba kwa rangi ya mafuta, ile isiyotoka.

 Chai iko tayari, lakini kabla ya chai kila kikundi kikae pamoja kidogo na maswali haya.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Mgonjwa akizidiwa usiku wa leo katika kijiji chenu, ni nani atakayejua kwanza, na atampigia nani?

2. Kikundi chenu kina chombo au pesa zilizotengwa kwa ajili ya wagonjwa? Mara ya mwisho zilitumiwa kwa kazi gani?

3. Ni wapi barabara yenu hukatika wakati wa mvua? Njia ya pili ni ipi, na imewahi kupitiwa kwa machela ili ijulikane inachukua muda gani?

4. Mtu asiye mwanachama, au mgeni wa lugha nyingine, akiugua kijijini mwenu, mtambeba? Msijibu haraka.